Namba Iliyokataa Kugawanyika

Andika 2 mara 31, zizidishe zote, kisha toa 1. Utapata 2,147,483,647. Ijaribu kwa njia tulizofundishwa shule ya msingi. Inaishia na 7, basi ni witiri na 5 haiingii. Jumla ya tarakimu zake ni 46, basi 3 haiingii. Ukigawanya kwa 7 unabaki na 1. Je, ipo namba yoyote inayoigawanya bila baki, mbali na 1 na yenyewe? Kama haipo, hii ni namba tasa.

Mwitalia Pietro Cataldi alidai mwanzoni mwa karne ya 17 kwamba ni tasa. Dai halikutosha, kwa sababu alidai hivyohivyo kuhusu 8,388,607, na hiyo inagawanyika kwa 47. Uthibitisho ulikuja mwaka 1772 kutoka kwa mwanahisabati Leonhard Euler, aliyekuwa St. Petersburg, macho yake yakiwa karibu yamezima kabisa.

Njia yake ndiyo inayonivutia kuliko jibu lenyewe. Namba isiyo tasa lazima iwe na kigawo kisichozidi kipeuo chake cha pili, ambacho hapa ni 46,340 na ushei. Kuzipitia namba zote hadi hapo ni kazi ya kuchosha. Euler alijua kwamba kigawo tasa cha namba hii, kama kipo, ukikipunguza 1 kinachosalia lazima kigawanyike kwa 62. Tena kigawo chenyewe kikigawanywa kwa 8 lazima kibakize 1 au 7. Machujio hayo mawili yanaondoa karibu namba zote. Namba tasa ya kwanza inayopita ni 311, na idadi ya zote zinazostahili kujaribiwa haifiki 400. Alizijaribu, hakuna hata moja iliyoingia. Kwa zaidi ya miaka 70 hii ikabaki kuwa namba tasa kubwa kuliko zote zilizojulikana.

Utasa huo unazaa kitu kingine: ukiizidisha kwa 1,073,741,824, yaani 2 zilizoandikwa mara 30 na kuzidishwa zote, unapata namba kamilifu, ambayo vigawo vyake vyote, isipokuwa yenyewe, vikijumlishwa vinairudisha.

Kompyuta nazo zinaijua. Yenye kuhifadhi namba kwa biti 32, moja ikiwa ya alama ya chanya au hasi, haiwezi kuvuka hapo. Wengine hudhani utasa na ukomo huo vina uhusiano. Havina: ukomo wa biti 64, uliojengwa kwa namna ileile, unagawanyika kwa 7.

Mifumo mingi ya zamani huhesabu sekunde tangu Januari 1, 1970 kwa biti hizo 32. Kwa saa za Afrika Mashariki, hesabu itafika 2,147,483,647 tarehe 19 Januari 2038, saa kumi na mbili na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi. Sekunde inayofuata, mfumo ambao haujarekebishwa utasoma Desemba 1901.