Picha Hutunza Sura, Jina Hutunzwa na Jamaa

Wahenga walinena kwamba mwacha asili ni mtumwa. Katika nyumba nyingi za askari asili hiyo imo ndani ya sanduku la bati lililo chini ya kitanda: nishani moja au mbili, cheti cha kuachishwa jeshi, na picha iliyofifia ya kijana aliyevaa kaptura na kofia pana iliyokunjwa ukingo upande mmoja. Watoto huuliza, "Huyu ni nani?" Bibi akiwapo, hujibu. Siku atakapokuwa hayupo, itabaki sura isiyo na jina.

Sanduku lenyewe nalo halidumu. Uhamisho wa kambi hadi kambi, paa linalovuja na mchwa vimekwisha kuteketeza picha nyingi. Hata hivyo, jamaa aliyepoteza picha asikate tamaa upesi. Siku hizi hifadhi kubwa za nchi za nje zimeweka picha zao za kale katika mtandao wa intaneti, na mwenye simu aweza kuzitazama akiwa Gulu, Jinja au Mbarara.

ZINAPOPATIKANA

Mojawapo ni Mkusanyo wa Winterton, ulio katika Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani. Una picha zaidi ya 7,000 za Afrika Mashariki, zilizopigwa baina ya miaka ya 1860 na 1960. Nyingine ni hifadhi ya Imperial War Museums ya Uingereza, iliyoanzishwa mwaka 1917. Humo zimo picha za askari wa King's African Rifles, jeshi lililoundwa mwaka 1902 na ambalo wazee walizoea kuliita Keya. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana Burma, ikapita katika matope ya bonde la Kabaw hadi kuuvuka Mto Chindwin mwezi wa Desemba. Wapiga picha wa jeshi walikuwapo, na kazi yao yaonekana hadi leo.

Lakini hapo ndipo penye uchungu. Mara nyingi maelezo ya picha humtaja ofisa wa Kizungu kwa jina na cheo chake, na yule aliyesimama kando yake huandikwa "askari" tu. Kwa hiyo mwenye kutafuta jina la babu yake peke yake huenda asipate kitu, hali sura ya babu imo.

JINSI YA KUTAFUTA

Yafaa kuanzia nyumbani, kwa wazee walio hai. Waulizwe kikosi, namba ya jeshi, mwaka wa kuandikishwa na mahali alikopelekwa. Kisha mtafutaji atumie kikosi, mahali na mwaka, na majina ya nchi kama yalivyoandikwa zamani: Tanganyika, Nyasaland, Abyssinia, Ceylon. Jina la mtu nalo lijaribiwe kwa tahajia mbalimbali, kwani makarani waliandika walivyosikia. Okello aweza kuwa Okelo.

Picha ikipatikana, isomwe polepole. Beji ya kofia huonyesha kikosi. Tepe mbili mkononi ni koplo, tatu ni sajini. Zikipatana na habari za wazee, yawezekana ndiye. Kufanana sura peke yake si ushahidi. Anayempa mgeni jina la babu yake amewanyang'anya watu wengine mzee wao.

Kwa waliokufa vitani, Commonwealth War Graves Commission inayo orodha ya majina katika mtandao. Kwa mfano, tarehe 12 Februari, 1944, meli Khedive Ismail iliyotoka Mombasa kwenda Colombo ilizamishwa katika Bahari ya Hindi, wakafa watu karibu 1,300, wakiwamo askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Familia zao hazina kaburi la kuzuru. Jina lililoandikwa ndilo kaburi. Na wengine hata hilo hawakupewa. Mwaka 2021 tume hiyo ilikiri kwamba maelfu ya askari na wapagazi wa Kiafrika hawakuandikwa majina kama walivyoandikwa wenzao. Wapagazi hao wa Carrier Corps ndio walioliachia jina lao eneo la Kariakoo, Dar es Salaam.

Nyumbani Uganda pia ipo hazina. Mwaka 2015, katika shirika la utangazaji la taifa, lilikutwa kabati lenye negativu zipatazo 70,000 za wapiga picha wa serikali. Kazi ya kuzitia katika kompyuta ilianza mwaka 2018, na mwaka 2019 baadhi zilionyeshwa katika Jumba la Makumbusho, Kampala. Wapiga picha wale walipiga sherehe, hotuba na ziara. Waliochukuliwa usiku katika miaka ya 1970 hawakupigwa picha. Basi mtu kutoonekana katika picha si hoja kwamba hakuwapo.

KAZI YA MAMA NA BABA

Picha zilizo nyumbani zipigwe nakala kwa simu, mbele na nyuma, karibu na dirisha pasipo jua kali. Nyuma ya picha yaandikwe kwa penseli laini, wala si kwa kalamu ya wino, majina yote kutoka kushoto hadi kulia, mahali na mwaka. Zihifadhiwe katika bahasha za karatasi, mahali pakavu. Nakala apewe zaidi ya ndugu mmoja, ili uhamisho wa mmoja usiwe hasara ya wote.

Kazi hiyo yahitaji Jumapili moja tu, bibi akiwa ameketi mkekani na mjukuu ameshika penseli. Isiahirishwe hadi likizo ijayo, kwani mali bila daftari hupotea bila habari.