Jini Mwanamke: Mhusika wa Utata

Mwalimu na mtahiniwa, swali kuhusu usawiri wa mwanamke katika fasihi simulizi huhitaji makini. Chukua kisa kinachosimuliwa Pwani, kutoka Mombasa hadi Diani na Msambweni. Usiku, mwanamume amwona mrembo aliyevaa buibui. Amfuata. Atazama chini, aona kwato!

Wengi hukimbilia kuandika: "Jini ni katili." Ithibati iko wapi? Mara nyingi kisa huishia kwenye kwato, hakuna aliyedhuriwa. Giza na ukimya ndivyo vinavyojenga taharuki.

Utata huu si wa kwetu pekee. Katika filamu *Daughters of Darkness* (1971) ya Harry Kümel, Delphine Seyrig anaigiza mwanamke mnyonya damu katika hoteli tupu ya ufuoni, mjini Ostend, Ubelgiji. Anatisha, lakini ni mpole na mwenye haiba. Anayempiga mkewe kwa mshipi ni mume, binadamu.

Kwa hivyo, katika jibu lako, taja uzuri na tisho la mhusika huyu, kila sifa na ithibati yake. Kisha jiulize: mbona kwato za mwanamke zinatajwa, ilhali nia ya mwanamume anayemfuata gizani haihojiwi?