Utando kwenye nyanya: tazama chini ya jani mbele ya kununua dawa



Mwezi wa 7, jua likiwa kali katika bonde la Ruzizi, mama mmoja aliniita nione shamba lake la nyanya. Majani yalikuwa ya njano, na utando mwembamba umefunika ncha za miche. "Agronomu, nimepiga dawa mara tatu, na bado shamba linakauka," akaniambia. Dawa ile ilikuwa ya kuua viwavi. Pesa zilikwisha, na adui akazidi kuongezeka. Tuone juu ya nini.

NANI AMESUKA UTANDO?

Si kila utando ni ubaya. Buibui mkubwa anayetega kati ya mche na mche anakula wadudu: mwache. Kama majani yameshonwa pamoja na ndani muna mavi meusi, fungua, utakuta kiwavi. Mbane kwa vidole. Lakini utando mwepesi kama vumbi, na majani yenye nukta nyingi nyeupe au njano, ni kazi ya utitiri mwekundu, ule ambao wengine wanauita buibui mwekundu.

Kwa kuhakikisha, kung'uta jani juu ya karatasi nyeupe, ngoja kidogo. Nukta zikianza kutembea, na ukizisugua kwa kidole zinaacha alama nyekundu, umempata. Urefu wake ni karibu nusu milimita. Anakaa upande wa chini wa jani na kunyonya utomvu wake.

JUU YA NINI DAWA ILISHINDWA?

Mdudu ana miguu 6. Utitiri ana miguu 8, ni ndugu wa buibui na kupe. Dawa nyingi za wadudu hazimuui. Zinaua rafiki zetu wanaomla, kama vile vidudu vidogo vyeusi vya mviringo. Wakati wa joto, yai linakuwa utitiri mkubwa ndani ya siku 7 mpaka 10. Njo maana, baada ya kupiga dawa isiyofaa, unaona wengi kuliko kwanza.

YA KUFANYA

1. Wakati wa kiangazi, pita shambani mara mbili kwa wiki. Anzia pembeni, zaidi upande wa barabara yenye vumbi.

2. Majani yaliyoharibika sana, kata, weka ndani ya mfuko, kisha choma au zika. Usiyatupe kwenye shimo la mbolea.

3. Changanya kijiko kimoja cha supu cha sabuni ya maji katika litri moja ya maji. Jaribu kwanza kwa miche michache, ngoja siku mbili. Majani yasipoungua, piga asubuhi mapema, ukielekeza pompi chini ya majani. Sabuni haiui mayai, kwa hiyo rudilia kila siku 5, mara tatu. Sabuni ya unga hapana: inachoma majani.

4. Wakiendelea kuzidi, tumia salfa ya kuchanganya na maji, lakini si wakati wa jua kali, au dawa ya utitiri wenyewe, akarisidi. Usirudilie aina moja kila mara, kwa sababu utitiri anaizoea. Soma karatasi ya dawa: kipimo, na siku za kungoja mbele ya kuvuna. Vaa maski na glavu.

KUZUIA

Mwagilia vizuri; mche wenye kiu unaumia haraka. Utitiri anasafiri kwa upepo na kwa nguo, kwa hiyo shamba lenye ugonjwa ulitembelee mwisho. Baada ya mavuno ng'oa miche ya zamani yote, na usipande nyanya mpya karibu na biringanya au mapapai yenye utando.

Yule mama, mistari ya pembeni hatukuiokoa. Ya katikati ilizaa, kwa sabuni na maji tu. Kwenye mkutano ujao, kila mmoja alete jani moja la shamba lake ndani ya chupa iliyofungwa vizuri, pamoja na karatasi nyeupe. Tutatazama pamoja mbele ya mtu yeyote kutoa franka yake.