Hekalu la Madurai: Rangi tele, lakini wengi walizuiwa mlangoni

MGENI anayeingia mjini Madurai, kusini mwa India, huiona minara ya hekalu la Meenakshi kabla ya kulifikia hekalu lenyewe. Minara hiyo ni 14, na ule wa kusini, ulio mrefu kuliko yote, una kimo cha takriban mita 52. Imesheheni sanamu za miungu, wanyama na mazimwi, zilizopakwa rangi nyekundu, samawati, kijani na manjano.

Sehemu kubwa ya majengo ya sasa ilijengwa na watawala wa Nayak katika karne za 16 na 17. Kwa kuwa jua na mvua hufifisha rangi, sanamu hupakwa upya wakati wa sherehe ya kulitakasa hekalu, ambayo kwa desturi hufanyika kila baada ya miaka 12.

Hata hivyo, kwa muda mrefu kuna Wahindu waliozitazama rangi hizo kutoka nje tu. Watu wa matabaka yaliyodharauliwa walikatazwa kuvuka kizingiti, ikidaiwa wangelinajisi hekalu.

Mnamo Julai 8, 1939, wakili A. Vaidyanatha Iyer, mfuasi wa Gandhi aliyezaliwa katika tabaka la juu, aliwaongoza baadhi yao kuingia kuabudu. Makuhani kadhaa walipinga, lakini mwaka huo huo serikali ya Madras ilipitisha sheria ya kuwakinga walioufungua mlango huo.

Leo kila mgeni, awe tajiri au maskini, huvua viatu kabla ya kuingia.