Kuketi bila kiti: mkao wa Wahadzabe na mgongo wa fundi cherehani

Wahadzabe, watu wa uwindaji, asali na mizizi wanaoishi kandokando ya Ziwa Eyasi kaskazini mwa Tanzania, hupumzika karibu saa 10 kila siku wakiwa macho, muda unaokaribiana na ule ambao karani wa Ulaya au Marekani huumaliza kitini, lakini magonjwa ya moyo, yanayohesabiwa kwa karani huyo miongoni mwa madhara ya kukaa, kwao ni nadra. Matokeo hayo, yaliyochapishwa mwaka 2020 na David Raichlen wa Chuo Kikuu cha Southern California pamoja na Brian Wood na wenzao, yanastahili kusomwa kwa makini hata Kilibula, mtaa wa Uvira, mji uliobanwa kati ya milima na Ziwa Tanganyika, kwa kuwa yanazua swali ambalo nasaha za afya hulipita: mtu huketi vipi, si kwa saa ngapi tu.

Watafiti walifunga kipima-mwendo, kifaa kidogo kinachorekodi mikao ya mwili, kwenye mapaja ya Wahadzabe, kisha wakapima umeme hafifu unaotolewa na misuli inapofanya kazi. Sehemu kubwa ya pumziko lao hupita chini, na mara nyingi wamechuchumaa au wamepiga magoti. Anayechuchumaa hukanyaga kwa nyayo nzima, visigino vikiwa chini, makalio yakikaribia ardhi bila kuigusa, magoti yakiwa juu karibu na kifua, na kwa anayemtazama huonekana ametulia kabisa. Kumbe misuli ya mapaja na vigimbi inaendelea kumshikilia asianguke, kazi ndogo isiyochosha lakini isiyokoma, ambayo kiti huichukua yote na kuiacha misuli ikilala.

Kwa maelezo ya Raichlen, sehemu ya tofauti huenda imo katika kazi hiyo ndogo. Msuli unaofanya kazi, hata kidogo, huhitaji nishati na huchota mafuta kutoka damuni, ilhali msuli uliolala huyaacha mafuta yazunguke; na mwili wa binadamu, anavyoona yeye, ulijengeka katika enzi ndefu ambamo kupumzika hakukuwa kuzima misuli. Hata hivyo hamtaki mtu yeyote achuchumae kutwa, bali anapendekeza kwamba mikao inayoidai misuli japo kidogo ichunguzwe kama badala ya kiti. Wala hafichi kwamba Wahadzabe hutembea na kuchimba sana, kiasi kinachozidi mara 3 kile kinachoshauriwa na serikali ya Marekani, hivyo afya yao haiwezi kuhesabiwa kuwa zawadi ya mkao peke yake.

Mkao huo si mgeni Uvira. Mwanamke anayeanika ndagala ufukweni, anayefua kwenye beseni au anayepuliza makaa ya mbabula huufahamu tangu utotoni, ila umekwisha kuonekana mkao wa asiye na kiti, na kiti cha plastiki ndicho anachosogezewa mgeni wa heshima. Inasikitisha kwamba ujuzi wa mwili unaojifunzwa bila malipo unaachwa kwa kuonewa haya.

Miongoni mwa wanaoshinda kitini, aliye hatarini sana ni fundi cherehani, ambaye huinamisha shingo na mgongo juu ya kitambaa tangu asubuhi, mguu ukikanyaga pedali na mwili mwingine wote ukiwa umeganda. Bernardino Ramazzini, tabibu wa Modena nchini Italia, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1700 kuhusu maradhi ya wafanyakazi kwamba washonaji huumwa viuno na kufa ganzi miguu, akawashauri wafanye mazoezi angalau siku za sikukuu. Lakini aliwaonya pia wanaofanya kazi wima, kwa sababu kusimama kutwa nako huumiza miguu.

Kuhusu mgongo wenyewe, watafiti wa Turku nchini Finland waliwagawa watu wazima 64 wenye uzito uliozidi katika makundi mawili, na lile lililopunguza kukaa kwa wastani wa dakika 40 kwa siku halikuongezekewa na maumivu katika miezi 6, wakati katika kundi la pili maumivu yaliongezeka. Maumivu hayakupona, yalizuiwa tu kukua, na picha za misuli ya mgongo hazikuonyesha sababu.

Dakika 40 zinaweza kugawanywa katika visimamo vifupi vingi, kila uzi unapokwisha au kila nguo inapokamilika. Lakini fundi hulipwa kwa nguo, si kwa saa, na kila kisimamo hukatwa katika chakula cha jioni. Je, ni nani atakayemlipia dakika hizo, na magoti yaliyozoea kiti kwa miaka 20 yatakubali tena kuchuchumaa?