Sauti ya Mtoto wa Kerende Katika Utafiti

Kijiji cha Kerende, wilayani Tarime, ni jirani wa mgodi wa dhahabu wa North Mara. Katika mazingira ya migodi, mtoto asiye na malezi ya uhakika huweza kuacha shule akatafute riziki kwenye mawe ya dhahabu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaihesabu kazi ya migodini kuwa ya hatari kwake. Kifungu cha 11 kinampa haki ya kutoa maoni na kushiriki katika maamuzi yanayogusa ustawi wake.

Haki hiyo inamhusu mtafiti pia. Ridhaa ya mzazi au mlezi pekee haitoshi: mtoto mwenye kuelewa huombwa kukubali, na akikataa huachwa. Ugumu huzidi pale mlezi anaponufaika na kazi ya mtoto, maana mtoa ridhaa ndiye mwenye la kuficha.

Kwa hiyo mwanafunzi wa chuo kikuu anayefunzwa kuchambua takwimu hana budi kufunzwa pia kuuliza kwa lugha ya mtoto, kutunza siri, na kumweleza mapema kwamba habari za madhara zitafikishwa kwa afisa ustawi wa jamii. Kumsikiliza mtoto bila kumlinda ni kumtumia tu.