Bonde la Mto Santa: Barafu, Maji na Maisha

Katika nchi ya Peru, yapata nyuzi 10 kusini mwa Ikweta, mto Santa huanzia katika ziwa Conococha, penye mwinuko wa mita 4,000 hivi. Huelekea kaskazini kati ya safu mbili za milima ya Andes, kisha hugeuka magharibi, hupenya korongo jembamba la Cañón del Pato, na hatimaye kuingia katika Bahari ya Pasifiki.

Safu ya mashariki huitwa Cordillera Blanca, yaani Safu Nyeupe. Humo umo mlima Huascarán, wenye urefu wa mita 6,768, mrefu kupita yote nchini Peru. Pepo zitokazo Amazon huleta unyevu, nao hugeuka theluji vileleni. Safu ya magharibi, Cordillera Negra au Safu Nyeusi, ni fupi zaidi na haina barafu. Wakulima wake hutegemea mvua na chemchemi.

Ghala la Maji

Mvua hunyesha kati ya Oktoba na Aprili. Kuanzia Mei hadi Septemba ni kiangazi: mchana kuna jua kali, na usiku baridi huweza kuunguza mimea. Katika miezi hiyo barafu huwa kama ghala, kwani maji yanayoyeyuka huendelea kujaza vijito na mifereji ya mashamba.

Wakazi, wengi wao wakiwa wasemaji wa Kiquechua, hulima kwa kufuata mwinuko. Chini, karibu na Caraz, hustawi matunda na maua. Juu yake mahindi. Juu zaidi ngano, shayiri na viazi. Na katika mbuga za baridi hulishwa kondoo na ng'ombe. Maji hayo hayo huzalisha umeme Cañón del Pato na kumwagilia mashamba ya jangwa la pwani.

Hatari na Upungufu

Lakini barafu huleta maafa pia. Tarehe 13 Desemba 1941 kingo za ziwa Palcacocha zilibomoka, na mafuriko yakaharibu sehemu kubwa ya mji wa Huaraz na kuua maelfu ya watu. Tarehe 31 Mei 1970 tetemeko la ardhi liliporomosha barafu na miamba ya Huascarán, na mji wa Yungay ukafukiwa.

Baada ya maafa ya 1941, wahandisi walianza kupunguza maji ya maziwa ya hatari kwa mifereji na mahandaki. Hata hivyo, kadiri dunia inavyopata joto, barafu hurudi nyuma na maziwa hupanuka. Mwaka 1974 Palcacocha ilikuwa na maji yapatayo mita za ujazo nusu milioni. Mwaka 2009 yalizidi milioni 17.

Kuyeyuka huko huongeza maji kwa muda tu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kuwa vijito vingi vya Santa vimekwisha kupita kilele hicho. Hivyo bonde hili linakabiliwa na mambo mawili kwa pamoja: kujikinga na maji mengi ya ghafla, na kugawana kwa haki maji machache ya kiangazi kati ya mkulima wa mlimani, mtambo wa umeme na shamba la pwani.